Bendera kwa meli za mbali, foleni kwa boti ya Unguja

Jamani, leo naomba mnivumilie. Habari hii niliiandika gazetini kwa maneno mia nne, mhariri akaikata ikabaki kama tangazo la msiba. Yaliyokatwa nayamwaga hapa.

Nina rafiki yangu, nitamwita Fundi. Tulifahamiana Dar wakati mimi nasoma Mlimani na yeye yuko chuo cha ubaharia. Kwao ni Unguja, ukoo wa waundaji majahazi wa Nungwi. Babu yake aliunda na kukalafati kwa mikono. Yeye kaamua kuunda boti za faiba, kwa sababu mbao nzuri siku hizi ni za kutafuta kwa tochi na wenye boti za watalii wanataka kitu chepesi. Hesabu zake zilikuwa safi: rezini, faiba yenyewe na mashine vyote vinatoka nje, hivyo akipata nafasi ndani ya eneo huru la uchumi, ambako malighafi huingia bila ushuru, bei yake itawashinda wanaoagiza boti nzima kutoka ng'ambo. Karakana ndogo, vijana sita, mteja wa kwanza kutoka Kizimkazi kashatoa arubuni.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Boti ya kwanza ipo, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mama yake. Arubuni karudisha.

Sasa kabla hatujafika kwenye boti, tukumbushane. Maeneo huru Zanzibar si jambo la jana. Sheria ilipita mwaka 1992, mimi sijazaliwa. Fumba kwa Unguja na Micheweni kwa Pemba zikatangazwa. Baadaye ikaja sheria ya bandari huru, na mwaka 2004 taasisi zilizokuwa zikisimamia mambo hayo zikaunganishwa kuwa ZIPA, ili mwekezaji asizunguke. Sheria ya uwekezaji ikaandikwa upya mwaka 2018, halafu tena mwaka 2023. Kila mara wimbo ni mmoja: dirisha moja, dirisha moja, dirisha moja.

Naam, dirisha lipo. Fundi mwenyewe anasema alipokelewa vizuri, akapewa kiti na maji ya kunywa. Tatizo ni kwamba dirisha linakupa cheti cha kuwa mwekezaji. Bahari haijui mwekezaji. Ukitaka kuunda chombo, kukishusha majini, kukijaribu na kumkabidhi mtu abebee abiria, unaanza safari nyingine kabisa: barua ya sheha, leseni ya biashara, cheti cha mazingira, usajili wa chombo, cheti cha ubora wa chombo, vyeti vya mabaharia, bima, na kama chombo kina redio, leseni ya redio. Kila karatasi ina ofisi yake, ada yake na bwana mkubwa wake ambaye leo yuko semina.

Nilimsindikiza siku tatu. Ofisi sizitaji, maana Fundi bado anazihitaji na mimi sitaki kesi. Ofisi ya kwanza ilisema haiwezi kushughulikia mazingira bila mkataba wa kiwanja. Wenye kiwanja wakasema mkataba hautoki bila cheti cha mazingira. Tukaenda ya tatu kuomba boti ikaguliwe, tukaambiwa hawakagui chombo kilichoundwa kwenye karakana isiyo na leseni. Na leseni ya karakana? Mpaka waone kazi yako, kijana. Kazi ipi? Boti. Boti ipi? Hiyo ambayo hawaikagui!

Nilicheka pale pale ofisini. Bi mkubwa wa mapokezi akaniuliza kuna nini cha kuchekesha. Nikamwambia shikamoo, hakuna kitu.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 2012 mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia barua Rais Kikwete akidai meli za mafuta za Iran zinapeperusha bendera ya Tanzania ili kukwepa vikwazo. Mwanzoni tuliambiwa si kweli. Agosti mwaka ule ule ikakubaliwa kuwa ni kweli, na idadi ikatajwa: meli 36, zimesajiliwa kwenye daftari la Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Mkataba wa wakala ukavunjwa, meli zikafutwa. Tukasema tumejifunza. Januari 2018 tukajikuta tena kwenye habari za dunia: meli mbili zenye bendera yetu zimekamatwa, Kaluba na dawa za kulevya upande wa Jamhuri ya Dominika, Andromeda na milipuko huko Ugiriki. Usajili wa meli za nje ukasimamishwa na uchunguzi ukaamriwa.

Meli ndefu kuliko mtaa, ambayo haijawahi kuona bandari ya Malindi, ilipewa bendera ya nchi yangu na mtu aliyekaa Dubai. Boti ya Fundi, ambayo unaweza kuizunguka kwa hatua ishirini na iko umbali wa daladala moja kutoka ofisini, haikupata hata mtu wa kuja kuigonga kwa vidole. Eti tatizo ni uchache wa wakaguzi.

Najua jibu linalokuja. Wewe kijana wa bara unataka vibali vifutwe, umesahau MV Spice Islander? Sijasahau. Septemba 2011 nilikuwa mtoto na nakumbuka redio ikiwashwa nyumbani tangu alfajiri. Meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 645 ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa, kwa mujibu wa tume, na watu zaidi ya elfu mbili. Haujapita mwaka, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Ile Skagit ilikuwa kivuko cha jimbo la Washington, Marekani, kiliundwa kwa maji yaliyokingwa na visiwa, siyo kwa kusi la mkondo wetu.

Lakini hebu tuulizane taratibu. Meli hizo mbili zilikosa karatasi? Zilikuwa zimesajiliwa. Zilikuwa na ruhusa ya abiria. Ziling'oa nanga kwenye bandari rasmi, zenye geti na watu wa sare. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kwenye ngazi na kusema basi, imejaa. Au wa kuitazama Skagit na kuuliza hii iliundwa kwa bahari gani. Sisi tukachukua msiba ule tukaugeuza kuwa sababu ya kuongeza mihuri, wakati mhuri hauhesabu vichwa.

Hata huko Dubai tunakopenda kukutolea mfano, leseni ya Jebel Ali haikupi ruhusa ya kuingiza chombo majini. Eneo lile huru lipo tangu 1985, na bado vyombo vya majini vina mamlaka yake pembeni. Kwa hiyo sidai ofisi zote ziwe moja, huo ni utoto. Nadai ziandike, kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani, nani anaanza na nani anafuata. Na iandikwe siku ngapi. Mkaguzi wa chombo aende kwenye chombo hata kama karakana haijapata leseni, kwa sababu rezini mbovu haisubiri leseni ili ipasuke. Mengine kama barua na nakala za vitambulisho, ofisi zipeane zenyewe. Serikali iliyotaka alama za vidole vyangu kwa laini ya simu inashindwaje kujua Fundi anaishi wapi?

Hali ikiendelea hivi anayefaidi namjua. Ni kishoka anayekaa chini ya mwembe nje ya ofisi, anayejua mlango upi unaanza. Alituita. Bei yake ilikuwa chini ya hasara ambayo Fundi kashaipata, na nakiri kwamba kwa dakika kama mbili wote wawili tulikaa kimya tukipiga hesabu.

Fundi alikataa. Mama yake, aliyetoa fedha za kikoba kununulia faiba, hajaelewa kwa nini.

Na kuna mteja wa Tanga anayeulizia boti hiyo hiyo. Anataka kujua ikivuka maji itakaguliwa upya na nani, maana Zanzibar wana ZMA ya sheria ya mwaka 2009 na bara kuna TASAC ya sheria ya mwaka 2017, ingawa bandari zimeandikwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Fundi kamwambia atamjibu.

Jana usiku kanipigia. Barua ya sheha imepita miezi mitatu, anatakiwa alete nyingine. Jumatatu anarudi kwa sheha, na mimi nimeomba ruhusa kazini niende naye.