Umelipia HD, unaletewa DVD yenye ukungu

Leo sitaji mtu jina, mwenyewe akisoma atajijua.

Kuna mpiga video mmoja hapa Chake Chake, kamera yake kali, kila harusi anatakiwa yeye. Juzi familia moja ya Wete wamepokea DVD zao. Ndugu wamejaa sebuleni, deki imewashwa, loh! Nyuso zimerefuka kama zimevutwa, mtu akitembea picha inadunda, na penye taa za ukumbi ni miraba miraba mitupu. Bibi yao alifariki wiki chache baada ya harusi. Yumo humo, anamfukiza udi mjukuu wake, lakini sura haijulikani. Wakarudi kuomba faili la mwanzo. Jibu: "Nishafuta, kadi ilijaa."

Jamani, mie siilaumu DVD. HD kamili ni pikseli 1920 kwa 1080. DVD ya mfumo wetu wa PAL inabeba 720 kwa 576 tu. Yaani katika kila pikseli 5 inabaki 1. Hapo lazima picha ipungue, hata fundi awe nani. Lakini kupungua si kuharibika. Filamu za DVD tunazoangalia kila siku zina pikseli hizo hizo na zinapendeza.

Kinachoharibu ni haraka. Kamera imepiga fremu 30 kwa sekunde, PAL inataka 25, basi programu inatupa fremu moja katika kila 6, ndiyo maana watu wanadunda. Si upige 25 tangu mwanzo? Nyuso kurefuka ni picha pana ya 16:9 iliyoandikwa kama ya TV ya zamani, 4:3. Hapo ni kubofya sehemu moja tu. Na ile miraba inatokana na kubana harusi ya saa 4 kwenye diski moja ya GB 4.7. Saa moja na nusu inakaa vizuri. Zikizidi, toa diski ya pili, bei yake haimfilisi mtu.

Najua wapo watakaosema fundi kafanya vizuri kufuta, kwa sababu video za ukumbi wa wanawake hazifai kubaki mikononi mwa mtu. Nawaunga mkono kabisa! Nani anataka mama yake bila buibui azagae kwenye simu za watu? Lakini kufuta bila kukabidhi si kutunza siri, ni kupoteza mali ya mtu. Mkabidhi mwenye harusi faili zake za HD kwenye hadi diski yake, alifungue kila moja aone linacheza, kisha ufute mbele yake. Siri imetunzwa na kumbukumbu ipo.

Maana kutoka HD kwenda DVD njia ipo, kurudi hakuna. Ukiikuza DVD unakuza ukungu. DVD mbovu inatengenezwa upya kama faili la mwanzo lipo, ila sura ya yule bibi ndiyo imekwenda, na harusi hairudiwi kwa ajili ya kamera.

Kwa hiyo wenye harusi, kabla hujatoa advansi uliza: faili langu la mwanzo nakabidhiwa lini? Akibabaika, tafuta mwengine.

Na wewe yashakukuta? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu bakini nayo.