"Paka Tu" Imeniharibia Vidole

Wasee, mmeniuliza sana mbona kwa video huwa naficha vidole. Ni soriasisi ya kucha. Zina vishimo vidogo kama zimedungwa sindano, na mbili zimeanza kuachana na nyama. Haiambukizi, nisalimieni tu.

Mwaka jana niliingia duka moja la dawa hapa Nyeri. Jamaa akaangalia kwa sekunde tano: "Hiyo ni fangasi. Paka hii tu." Nikapaka miezi minne. Siku moja ndio nikasoma tyubu: dawa tatu pamoja, ya fangasi, ya bakteria, na betamethasone, ambayo ni steroidi kali.

Kucha zilibaki vile vile. Ngozi ndiyo iligeuka: nyembamba, inang'aa kama nailoni, vimishipa vyekundu vinaonekana. Na baridi ya Julai mnaijua. Kuosha vikombe tu, inapasuka.

Mtego uko hapa. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, so kupata mpya mzima ni karibu miezi 6. Huoni mabadiliko, unaongeza dawa, na ngozi ya pembeni inazidi kulika. Kuna watu, ni wachache lakini wapo, ambao steroidi kali ya muda mrefu iliwapunguzia hadi mfupa wa ncha ya kidole. Manze, mfupa!

Sisemi mtupe tyubu. Steroidi ni dawa halali ya soriasisi. Daktari wa ngozi aliniambia inaweza kurudi baadaye, lakini kidogo, kwenye mkunjo wa ngozi juu ya mzizi wa ukucha, na kwa tarehe. Kwa sasa niko kwa calcipotriol, ya jamii ya vitamini D. Huwa inawasha, na nikisahau nikajishika uso, uso unawaka. Lakini hiyo hailiki ngozi.

Kinachoniudhi ni hiki: ukinunua tembe, hata kibanda cha stejini Karatina, wanaandika kwa bahasha 1x3, siku 5. Ya kupaka ni "paka tu". Kwani ngozi si mwili?

Siku hizi naenda na kalamu yangu. Namuuliza muuzaji, mwisho ni siku gani, niandikie hapa kwa boksi. Akisema "mpaka ipone", naondoka.