Kipimo cha kalsiamu kisisahaulike katika kliniki za wajawazito

TANGU Juni 2013, serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, mjadala kuhusu afya ya akina mama nchini umejikita katika gharama. Ubora wa uchunguzi haujazingatiwa ipasavyo, na maradhi ya tezi za parathairoidi ni mfano mmoja.

Tezi hizi nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele, ziko shingoni na hudhibiti kalsiamu mwilini. Moja inapoota uvimbe, ambao kwa kawaida si saratani, hutoa homoni kupita kiasi na kalsiamu hupanda katika damu. Dalili zake ni kichefuchefu, uchovu, kufunga choo na kukojoa mara kwa mara. Ni mjamzito yupi asiyelalamikia hayo? Ndiposa mgonjwa huweza kuambiwa ni mimba tu na kurejeshwa nyumbani.

Hata maabara huweza kupotosha. Wakati wa ujauzito majimaji ya damu huongezeka, protini ya albumini hupungua na jumla ya kalsiamu hushuka. Kwa hivyo, kiwango kinachoonekana kuwa cha kawaida huenda kimezidi. Daktari hana budi kupima kalsiamu iliyo huru katika damu, kisha homoni yenyewe. Kalsiamu inapozidi, homoni hiyo hutarajiwa kushuka. Isiposhuka, tezi ndizo za kushukiwa.

Kuchelewa kuna madhara. Mama hukabiliwa na mawe ya figo, uvimbe wa kongosho na shinikizo la damu, na mimba huweza kuharibika. Mtoto naye, ambaye tezi zake zimedumazwa na kalsiamu ya mamaye, huweza kupatwa na degedege baada ya kuzaliwa. Ilhali ugonjwa ukigunduliwa mapema, uvimbe huweza kuondolewa kwa upasuaji, hasa kati ya mwezi wa nne na wa sita.

Vipimo vya kawaida katika kliniki zetu ni pamoja na wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na mkojo, kalsiamu haimo. Kumpima kila mjamzito si lazima, kwani maradhi haya ni nadra. Hata hivyo, anayetapika bila kukoma baada ya miezi mitatu ya kwanza, aliyewahi kuugua mawe ya figo au aliyepoteza mimba mara kadhaa anastahili kupimwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza vidonge vya kalsiamu kwa wajawazito ambao lishe yao ina upungufu wa madini hayo. Ushauri huo ni mwema, lakini kumpa vidonge hivyo mama ambaye kalsiamu yake tayari imezidi ni kuchochea moto. Wizara ya Afya haina budi kutoa mwongozo.