Yatima na Msemaji Wake

Yatima ni mtoto aliyefiwa na baba, au na mama, au na wazazi wote wawili. Watoto wa namna hii wako katika nchi yote, na katika miteremko ya Mlima Meru wako pia. Wengine walifiwa kwa ajali, wengine kwa maradhi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini Tanzania, katika mkoa wa Kagera, mwaka 1983, ugonjwa huo umewaacha watoto wengi bila wazazi, mijini na mashambani.

Watu wa Sombetini, kata ya Jiji la Arusha, si wagumu wa moyo. Msiba utokeapo, majirani huchanga fedha, huleta unga na kuni, hulala matangani pamoja na wafiwa. Mtoto huketishwa karibu na shangazi yake, hupewa uji, hupanguswa machozi. Hiyo ndiyo huruma, nayo ni kitu chema. Lakini matanga huanuliwa, na kila mtu hurudi kazini kwake. Hapo ndipo taabu ya yatima huanza, na hapo ndipo huruma ya wengi hukoma.

Na uchukuliwe mfano wa mtoto mmoja wa darasa la sita. Mama yake, aliyekuwa mjane, amekufa, akaacha cherehani na nyumba yenye vyumba viwili vya kupangisha. Ndugu mmoja wa marehemu ahamia humo. Apokea kodi ya vyumba, auza cherehani, na mtoto ampa sinia la karanga akauze sokoni. Jumatatu mtoto yuko shuleni; Jumanne hayupo. Jirani aona. Mwenye duka aona. Rafiki yake wa dawati moja aona kwamba daftari limekwisha, na kwamba mwenziwe asinzia kwa njaa. Wote wamhurumia. Huyu ampa andazi, yule ampa shati kuukuu, wala hapana hata mmoja asemaye neno. Mwaka wapita, na mtoto ameacha shule kabisa.

Je, mtoto huyo alikosa wa kumhurumia? La, alikosa msemaji. Andazi hushibisha asubuhi moja, bali neno lililosemwa mahali pake laweza kumrudishia nyumba yake na masomo yake.

Sheria ya nchi yakubali jambo hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali aliyoiacha mzazi wake. Yasema pia kwamba mtoto awezaye kutoa maoni asikilizwe katika mambo yamhusuyo. Tena yamwagiza kila mwanajamii ajuaye kwamba haki za mtoto zinavunjwa apeleke habari kwa serikali ya mahali hapo. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, toka darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Lakini faida gani kuondolewa ada, ikiwa yatima yuko sokoni na sinia kichwani saa ya masomo? Sheria haina miguu. Hutembea kwa miguu ya raia.

Wako watu wazima wasemao, "Mambo ya ukoo ni ya ukoo, mgeni asiyaingilie." Neno hili lina sehemu ya kweli. Ukoo ndio ulinzi wa kwanza wa yatima, na wako baba wadogo, wajomba na shangazi wengi waliowalea watoto wa marehemu sawasawa na watoto wao wenyewe. Hao wastahili heshima kubwa. Lakini mlinzi akigeuka kuwa mwizi, ni nani atakayepiga kelele? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Dhuluma ifichwayo kwa ajili ya heshima ya ukoo mwisho huuvunjia ukoo wenyewe heshima.

Tena kusema mbele ya watu si desturi ngeni kwa watu wa mlima huu. Waarusha huwa na laigwanani, kiongozi na msemaji wa rika, ambaye hutazamiwa kuwa na hekima na maneno ya haki. Wameru nao walionyesha nguvu ya sauti katika shida kubwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1951, serikali ya Kiingereza iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, wazee kwa watoto wakakosa makao. Watu hawakushika silaha, wala hawakukaa kulia tu. Chama chao, Umoja wa Raia wa Meru, kilichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapelekwa New York, akalieleza jambo lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi yao papo hapo. Hata hivyo, jambo lililofanywa mbali na macho ya watu likajulikana ulimwenguni, na watu wa Tanganyika wakajifunza kwamba mnyonge naye aweza kusema akasikilizwa.

Ikiwa watu wa Meru waliweza kumpeleka msemaji mpaka ng'ambo ya bahari, mtu wa Sombetini ashindweje kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ofisi yake i karibu? Afisa ustawi wa jamii yupo. Mkutano wa mtaa upo, na penye wengi hapaharibiki neno. Hata simu namba 116, ya kupeleka habari za watoto, hupigwa bila malipo.

Mwanafunzi hana umri wa kupiga kura, lakini ana macho na ulimi. Na ajue namna ya kuutumia ulimi wake. Kwanza, aseme yale aliyoyaona, asiongeze chumvi. Pili, amwambie mtu mzima awezaye kusaidia: mzazi wake, au mwalimu, au kiongozi wa mtaa, asiyatangaze kisimani wala njiani. Tatu, asimwaibishe mwenziwe mbele ya darasa, kwa maana yatima hakuomba kutazamwa kama kitu cha ajabu. Msengenyaji husema ili apate kuchekesha, na shahidi husema ili mtu apate haki yake. Akisema mara moja asisikilizwe, na aseme tena, kwa adabu, wala asichoke.

Raia mwema hafanywi siku atimizapo miaka kumi na minane. Huanza kufanywa darasani, siku ile amwonapo mwenziwe hayupo mahali pake, akauliza, "Yuko wapi?", naye haachi kuuliza mpaka apate jibu.