Wananchi Waliofundishwa Kusikiliza Tu

Lugha yetu ya michezo ina neno ambalo nje ya viwanja tumelisahau: ridhaa. Bondia wa ridhaa hapandi ulingoni kwa ajili ya fedha. Anapanda kwa sababu anaupenda mchezo na anataka kujipima. Ninaliazima neno hilo kueleza jambo ambalo wengi wa wasomaji wa ukurasa huu pengine hawajalishuhudia kwa macho yao, yaani redio ya ridhaa. Simaanishi redio ya kusikilizia taarifa ya habari, wala kituo cha FM kinachopiga muziki katikati ya matangazo ya biashara. Namaanisha raia wa kawaida mwenye leseni, aliyenunua au kujitengenezea mtambo mdogo, aliyefunga waya kati ya miti miwili, akazungumza na raia mwenzake aliyeko Pretoria au Colombo bila kampuni ya simu katikati na bila kulipia hata dakika moja.

Kanuni za Redio za Umoja wa Mawasiliano Duniani, ITU, zinaitambua kazi hii kuwa huduma kamili. Lengo lake ni kujielimisha, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi, na anayeifanya awe mtu aliyeidhinishwa, mwenye nia binafsi, asiyetafuta faida ya fedha. Sheria zetu nazo hazikuifungia mlango. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa leseni ya aina hiyo. Hata hivyo, ukisikiliza masafa mafupi, nyingi ya sauti unazozisikia zikijitambulisha kwa herufi za Tanzania ni za wageni. Wanafika Zanzibar kwa wiki mbili, wanasimamisha antena karibu na hoteli, wanazungumza na maelfu ya wenzao duniani, kisha wanafungasha mizigo na kurudi kwao. Sina ugomvi nao. Ninachohoji ni kwa nini jina letu la hewani linatumiwa zaidi na wapita njia kuliko wenye nchi.

Jina hilo lina historia yake. Kila nchi imegawiwa herufi za kuanzia jina la kituo, na kwa sikio la mwanaridhaa herufi hizo ni bendera. Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5, ukoo mmoja wa herufi chini ya Uingereza. Baada ya uhuru tukapata 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Tulipokea bendera ya hewani kama tulivyopokea ile ya kitambaa. Ile ya kitambaa tuliipandisha hadi kwenye shule za misingi za vijijini. Hii nyingine tuliiacha kabatini.

Sababu, kwa maoni yangu, ni namna redio ilivyoingia kwetu: mkubwa ana mdomo, mdogo ana sikio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 mikononi mwa serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru chombo hicho kikawa cha taifa. Sisemi hivyo kwa dharau. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadili na kuchimba vyoo, na sidhani kama tumewahi kuwa na darasa kubwa kuliko lile. Lakini hata katika darasa lile bora, sauti ilisafiri upande mmoja. Mkulima aliisikia Dar es Salaam. Dar es Salaam haikumsikia mkulima. Mitambo ya kurusha ilibaki kwa watangazaji, askari na maofisa, nasi tukazoea kuamini kwamba mtu mwenye simu ya upepo lazima awe mtu wa serikali au mtu wa kutiliwa shaka.

Leo kila kijana ana simu mfukoni, na wapo watakaosema kwamba tatizo hilo limekwisha. Ninafundisha vijana hao. Wengi wanaweza kutengeneza programu ya simu kwa wiki moja, na ninawaheshimu kwa hilo. Ninapowauliza sauti inatokaje kwenye kifaa hicho hadi kwenye mnara, na kwa nini mnara wa kilima hiki hauwafikii watu wa nyuma ya kilima kile, darasa hunyamaza. Tumewapa watoto wetu simu, lakini ujuzi wa mawimbi tumewaachia mafundi wa kampuni.

Ndiyo maana ninautazama mkoa wa Singida. Ninauchagua kwa sababu uko mbali na bahari na mbali na mahoteli, na kwa sababu ni mkoa unaozungumzwa kila mara kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, kana kwamba watoto wa Kiomboi na Nduguti hawana haja nyingine. Tuseme shule moja ya sekondari huko imeanzisha klabu ya redio ya ridhaa. Kazi ya kwanza haihitaji hata leseni ya kurusha. Ni kusikiliza, lakini kusikiliza kwa aina nyingine.

Dunia ina mtandao wa vituo 18 vilivyowekwa na wanaridhaa kwa ajili ya kuongozea wasikilizaji. Kimoja kinaitwa 5Z4B, nacho ni cha Kenya. Vituo hivyo hupokezana katika masafa yaleyale: kila kimoja hupata sekunde 10, na mzunguko wote huisha kwa dakika 3. Kituo hutaja jina lake kwa alama za Morse, kisha hutoa milio mirefu minne. Mlio wa kwanza ni wa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, na wa mwisho sehemu ya kumi ya wati, nguvu ambayo haitoshi kuwasha balbu ndogo ya tochi. Mwanafunzi mwenye redio ya masafa mafupi inayopokea alama za Morse, akiwa na saa na daftari, ataandika: saa fulani nilisikia kituo fulani, milio miwili, saa fulani, milio yote minne.

Baada ya wiki moja daftari hilo litamletea fumbo. Nairobi haiko mbali na Singida, kiasi cha kilomita 450 hivi kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, katika megahezi 14 kuna saa ambazo kituo cha Kenya hakitasikika kabisa, huku kile cha Afrika Kusini au cha Finland kikisikika vizuri. Mawimbi haya hupanda hadi kwenye tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, ionosfia, yakarudishwa chini mbali sana, na jirani aliye katikati akarukwa. Tabaka lenyewe hubadilika kwa saa, kwa msimu na kwa mwenendo wa jua. Mwalimu wa fizikia anaweza kueleza jambo hilo ubaoni kwa muhula mzima. Mtoto aliyeligundua mwenyewe kwenye daftari lake hatalisahau, na zaidi ya hapo atakuwa amekusanya data halisi, si kunakili jibu la kitabu.

Kazi ya pili ya klabu ni kurusha, na hapo ndipo leseni inapohitajika. Waya wa mita 20 hivi, ukikatwa katikati na kulishwa hapo, unatosha kuwa antena ya megahezi 7. Ukifungwa chini chini, kimo cha mita 4 au 5, utatupa mawimbi karibu wima, nayo yatarudi kama maji yaliyorushwa juu na kulowanisha eneo lote linalokuzunguka. Mchana, mtambo unaotumia betri ya gari unaweza kwa njia hiyo kuwaunganisha Manyoni, Itigi, Ikungi na Mkalama bila mnara wowote katikati. Yeyote anayeujua ukubwa wa mkoa huo ataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hanang inapakana na mkoa wa Singida. Barabara ya kwenda Babati na Arusha inapita hapo hapo Katesh. Baada ya msiba kama ule tunahesabu malori, mahema na magodoro, na ni sawa. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 na kamati zake. Lakini siku ambayo umeme umekatika, minara imelala na barabara imezibwa, kamati ya kijiji itaifikiaje ya wilaya? Kwa bodaboda?

Jibu limewahi kuonekana kwingine. Desemba 2004, tsunami ilipovikumba visiwa vya Andaman, wanaridhaa wa India walikuwa tayari kule Port Blair kwa shughuli zao za starehe. Kituo kilichosimamishwa kwa ajili ya kujiburudisha kikageuka kuwa njia ya kupeleka habari za walionusurika kwa jamaa zao bara. Kanuni za ITU zenyewe zinazihimiza serikali kuwaruhusu wanaridhaa kujiandaa kwa kazi ya maafa. Hata huku kwetu wazo si geni: Flying Doctors walioanza mwaka 1957 walijenga mtandao wa redio ulioziunganisha hospitali za misheni za Afrika Mashariki na madaktari wa Nairobi. Wale hawakuwa wanaridhaa, lakini waya na mawimbi vilikuwa vilevile. Mtandao ule uliendeshwa na watu waliozoea kuutumia kila siku, na hapo ndipo tofauti ilipo. Mtambo wa dharura uliofungiwa stoo miaka mitano hauna msaada kwa sababu hakuna anayejua kuuwasha. Mwanaridhaa anauwasha kila Jumamosi kwa furaha yake.

Najua hofu iliyopo maofisini, na sitaki kuidharau. Ofisa atauliza: tukiwapa raia mitambo ya kurusha, si tumewapa majasusi silaha? Jibu langu ni kwamba hakuna mawasiliano yaliyo wazi kuliko haya. Kituo cha ridhaa kinapaswa kujitaja kwa jina lake la leseni. Hakiruhusiwi kuficha maana ya ujumbe kwa maneno ya siri kinapowasiliana na nchi nyingine. Yeyote mwenye redio anaweza kusikiliza, akiwemo ofisa huyo. Mwenye nia mbaya tayari ana simu inayoficha kila neno; kwa nini ahangaike na mtihani, leseni na waya wa mita 20 unaoonekana na kijiji kizima? Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mwanaridhaa, JY1, na Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alikuwa VU2RG. Sijasikia kwamba dola zao zilidhoofika kwa sababu hiyo.

Kwa wanaharakati nina neno tofauti, nalo huenda lisiwapendeze. Wapo watakaoona hapa njia ya kuikwepa serikali. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi ilikaa bila intaneti ya maana. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimika tena, safari hii bila waya wowote kukatika baharini. Redio ya ridhaa si dawa ya siku ya pili. Haikuundwa kwa ajili ya kampeni, wala kwa matangazo, na atakayeitumia hivyo ataizika kwa kizazi kizima. Haki ya kuwa na intaneti tuidai mahali pake na kwa jina lake. Kinachopatikana hapa ni kingine: raia anayejua mawimbi yanavyofanya kazi anaweza kutofautisha ajali na uamuzi. Hadanganyiki kwa urahisi akiambiwa kwamba mtandao una hitilafu.

Kuna jambo moja la historia ambalo watumishi wa umma wangelizingatia. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa sababu wataalamu waliyaona hayana faida. Walipewa makombo. Desemba 1921, mtu wao mmoja, Paul Godley, akiwa ndani ya hema huko Ardrossan, Scotland, alisikia vituo vyao kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Muda si mrefu serikali na makampuni yakayakimbilia masafa mafupi yaleyale yaliyodharauliwa. Vijana wasiolipwa na mtu, wenye muda na udadisi, waliona kile ambacho wenye vyeo hawakukitafuta.

Ninachopendekeza ni kidogo. TCRA tayari inaendesha Klabu za Kidijitali mashuleni. Iongeze redio ya ridhaa katika ratiba yake. Mtihani wa leseni utungwe kwa Kiswahili, na ufanyike Singida penyewe, si kumlazimisha mwalimu wa Iramba kuomba ruhusa ya siku mbili kuifuata ofisi ya Kanda ya Kati iliyoko Dodoma. Ada ya mwanafunzi na ya klabu ya shule iondolewe, kwa kuwa shughuli yenyewe kisheria haina faida ya fedha. Mtambo unaoingizwa nchini kwa ajili ya shule upewe fomu moja na tarehe ya kujibiwa. Kamati ya maafa ya mkoa iwaalike wenye leseni kwenye mazoezi yake mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Desemba, na iwape kazi ya kweli: kupeleka ujumbe wa maneno 50 kutoka Nduguti hadi ofisi ya Mkuu wa Mkoa, simu zote zikiwa zimezimwa, na mtu akae pembeni akihesabu dakika.