Jamia, jamii na majengo makuukuu ya ibada

Neno jamii, na jina la Msikiti wa Jamia ulio katikati ya jiji la Nairobi, yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Ijumaa na jumuiya ni ndugu zao. Hata kanisa, neno tulilolipokea kupitia Kiarabu, asili yake ni mkusanyiko. Nayataja haya kwa kuwa kila panapopendekezwa kwamba jengo kuukuu la ibada ligeuzwe kituo cha jamii, wapo wanaoling'aka pendekezo hilo kana kwamba ni kufuru.

Mkaazi wa Kariokor angetarajiwa kuwa wa mwisho kuogopa mageuzi ya namna hiyo. Jina la mtaa wake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, lililofinyangwa na ndimi zetu. Kule Dar es Salaam likawa Kariakoo. Kambi ilikwisha, pakawa makazi na soko, na jina likabaki kuwakumbusha watu maelfu ya wapagazi wasiorudi kwao.

Kule Rabai, kanisa la wamisionari Krapf na Rebmann, la miaka ya 1840, leo ni makumbusho, na sijasikia Mkristo aliyepungukiwa na imani kwa sababu hiyo. Nairobi tumezoea kinyume chake: majumba ya sinema yamegeuka makanisa, wala hakuna aliyelalamika.

Hoja nzito ya wapinzani ni kwamba jengo limewekwa wakfu. Neno hili nalo, ambalo Wakristo waliliazima kwa Waislamu bila haya, limetokana na mzizi wenye maana ya kusimama. Kilichowekwa wakfu kimesimamishwa: hakiuzwi, hakirithiwi, hakirudi sokoni. Kwa upande wa msikiti, mafakihi wengi hawaruhusu ugeuzwe matumizi, na rai yao iheshimiwe. Maktaba na madarasa na yajengwe kando yake. Lakini kanisa ambalo waumini wake wamehamia jengo kubwa zaidi halina kizuizi kama hicho. Anayeliachia paa lake kuoza huku akisubiri bei ya kiwanja ipande ndiye anayeuvunja wakfu, si anayeliweka meza za kusomea.

Na meza hizo zinahitajika mno. Mwalimu yeyote wa Eastlands anamjua mwanafunzi anayelala, anayepikiwa na anayefanya mazoezi ya hesabu katika chumba kimoja pamoja na watu sita. Pumwani, hatua chache kutoka Kariokor, Kituo cha Jamii cha Mtakatifu Yohana kimehudumia watu chini ya kivuli cha kanisa tangu 1957. Sasa mitaa ya zamani inabomolewa ili kupisha maghorofa, kama ilivyokuwa Pangani, na nafasi za watu wote ndizo husahaulika kwanza katika michoro.

Sisemi kila kanisa kuukuu ligeuzwe. Ridhaa ya waumini itangulie, na jengo lenye historia liorodheshwe chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006 kabla ya fundi kugusa ukuta. Tena lisigeuzwe ukumbi wa kukodishia arusi za matajiri, jambo ambalo ni biashara tu iliyovishwa kanzu ya jamii. Mtoto wa Kariokor aingie jioni na daftari lake, bila kulipa kiingilio na bila kuulizwa dini yake.