Serumu nyumbani: chupa pekee haitoshi

Katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu na Butembo, chupa ya serumu kuning'inia kwenye msumari wa dirisha si jambo la kushangaza. Muuguzi wa jirani anaitwa, anatia shindano, kisha anaenda kwa mgonjwa mwingine. Jamaa nyingi zinachagua njia hiyo kwa kuogopa fatura ya hospitali na shida ya kusafiri usiku.

Wazo lenyewe si baya. Tangu 1974, waganga wa Houston, Marekani, walieleza namna watoto wenye ugonjwa wa mapafu walivyotiwa antibiotiki za mshipa nyumbani. Novemba 2020, wakati wa Covid-19, serikali ya Marekani iliruhusu hospitali kutunza nyumbani watu ambao wangelazwa. Lakini iliweka masharti: mgonjwa aangaliwe na munganga kila siku, atembelewe angalau mara mbili kwa siku, na hali ikibadilika, msaada ufike katika dakika 30.

Mashariki mwa Kongo, chupa imefika nyumbani, lakini ulinzi huo mara nyingi umebaki hospitalini.

Hatari yake inajulikana. Mwaka 2011, uchunguzi uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania juu ya watoto zaidi ya 3.000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri ulionyesha kwamba waliotiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: karibu 11 kwa 100, kulinganisha na 7 kwa 100 ambao hawakutiwa hivyo. Kwa kipindupindu, kinyume chake, maji ya haraka yanaokoa maisha ya aliyekauka mwili. Basi, bila kujua ugonjwa, serumu ileile inaweza kuponya au kuua.

Kuhusu malaria, ile ya kawaida inatibiwa kwa vidonge. Ile kali inahitaji artesunate ya shindano, kwa angalau saa 24, kisha vidonge mpaka mwisho. Kinini ya serumu inapaswa kuteremka polepole, na pia inaweza kushusha sukari ya damu.

Kuwafukuza wauguzi wa mtaa hakutasaidia, maana umaskini unaowaita utabaki. Lililo bora ni kuwaunganisha na kituo cha afya: kipimo kwanza, karatasi ya munganga, saa ya kurudi kumwona mgonjwa. Nayo jamaa iulize mapema: akizidiwa usiku, nani atakuja, na atapelekwa wapi?